Mwaka Mzima Antiokia

Wapendwa katika Bwana: wachungaji, wazee wa kanisa, wainjilisti wa mitaa, walimu wa Shule ya Jumapili, wanakwaya, na ninyi akina mama mnaofagia kanisa Jumamosi jioni wakati wengine wote wamekwisha kwenda zao, nisikilizeni. Nina neno moja la kuwaambia, nalo limenielemea kwa muda mrefu. Tunaomba watenda kazi, lakini hatuwafundishi watu wetu habari za utume. Tunangoja mahindi katika shamba ambalo hatukupanda.

Jumapili baada ya Jumapili mtu husimama mbele ya usharika akamsihi Bwana wa mavuno apeleke watu. Tunaitikia amina ya kutikisa bati, kisha tunaketi, na mzee wa zamu anasoma matangazo. Basi mwite kijana mmoja aliyepata kipaimara mwaka huu. Muulize Amri Kumi, atakutajia zote. Muulize sakramenti, atajibu bila kukosea. Halafu muulize: Injili ilifikaje kijijini kwa babu yako, na aliyeileta aliitwa nani? Muulize Wahadzabe wanaishi wapi. Muulize Warendille na Waborana wa kaskazini mwa Kenya wanazungumza lugha gani, na nani anakaa nao. Muulize kanisa lake limemtuma nani, na mtu huyo yuko wapi leo. Atakutazama tu. Usimkaripie! Hakuna aliyemwambia. Tulimfundisha kulipa ahadi, kuimba sauti yake katika kwaya na kuvaa vizuri siku ya Bwana, lakini mavuno tunayoyaombea hatukumwonyesha hata siku moja.

Kisha tunalalamika. Vijana wa siku hizi wamepoa. Vijana wanapenda simu. Vijana hawataki uchungaji, hawataki kwenda porini, wanataka mjini. Ndugu zangu, niwieni radhi, malalamiko hayo siyakubali. Nimewaona vijana wetu wakikesha katika maombi mpaka alfajiri. Nimewaona wanafunzi wa sekondari katika makongamano ya UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, wakilia mbele za Mungu, wakisema wako tayari kwenda popote. Moto wanao. Wanaporudi nyumbani wanakuta usharika ambao hauna neno la kuwaambia, na moto unawaka wiki mbili, mwezi, kisha unazimika kwa kukosa kuni.

Tazameni kanisa la Antiokia, maana hapo ndipo penye dawa yetu. Kanisa lile halikuanzishwa na mtume. Lilianzishwa na wakimbizi, watu wa Kipro na Kirene waliotawanyika baada ya Stefano kuuawa, nao Luka hakutuachia hata majina yao. Walipofika katika jiji lile kubwa la Shamu wakawahubiri Wayunani, jambo ambalo wenzao hawakuthubutu. Habari zikafika Yerusalemu, na Yerusalemu ikamtuma Barnaba akaangalie. Barnaba alipoona umati umeamini angeweza kufanya mkutano mkubwa wa shangwe, akahesabu mikono iliyoinuliwa, akarudi na taarifa nzuri. Hakufanya hivyo. Alifunga safari hadi Tarso kumtafuta Sauli, akaja naye, na wawili hao wakakaa na kanisa lile mwaka mzima wakifundisha. Mwaka mzima! Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 11 mjionee wenyewe. Na kabla sura hiyo haijaisha, wanafunzi wale wachanga wanasikia kwamba ndugu wa Uyahudi watapatwa na njaa, nao wanachanga, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, wanapeleka. Walikuwa wamefundishwa kuona mbali kuliko kuta za jiji lao.

Ndipo ikaja sura ya 13, ile tunayoipenda sote. Wanatajwa manabii na walimu watano: Barnaba, Simeoni aliyeitwa Nigeri, Lukio wa Kirene, mji wa Afrika ya Kaskazini, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli. Watu wa makabila mbalimbali na hadhi mbalimbali, ibada moja. Walikuwa wakifunga na kumwabudu Bwana, Roho Mtakatifu akanena. Akawataka wawili. Akawataka nani? Barnaba na Sauli! Walimu wale wale waliowalea. Kanisa halikusema, hawa tunawahitaji, chukua wengine. Likafunga tena, likaomba, likaweka mikono, likawaachia waende.

Sisi tunaipenda sura ya 13 na kuiruka ya 11. Tunataka Roho anene katika masikio ambayo hayakuandaliwa. Tunatangaza siku ya wito, tunaita mhubiri mgeni mwenye sauti kubwa, tunawasimamisha vijana mbele, na baada ya miezi 3 hakuna hata mmoja anayekumbuka alisimamia nini. Mwaka wa mafundisho ulikuwa wapi?

Niwapeleke sasa Ujerumani, katika kijiji kidogo kiitwacho Herrnhut, maana Wakristo wengi wa nchi yetu wanakula matunda ya kijiji kile bila kujua mti ulikopandwa. Kilianzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia, katika ardhi ya kijana mmoja wa ukoo wa kifahari, Nikolaus von Zinzendorf. Hawakuzidi watu mia chache, wengi wao mafundi na wakulima. Walikuwa na ugomvi mkali wa mafundisho na desturi, hata nusura wasambaratike, mpaka Mungu alipowapatanisha mwaka 1727. Agosti mwaka huo wakaanza zamu za maombi, usiku na mchana, na zamu hizo ziliendelea kwa zaidi ya miaka 100.

Sasa angalieni vizuri. Maombi yalikuwapo tangu 1727, lakini mmishenari wa kwanza hakutoka mpaka 1732. Katikati palitokea nini? Mwaka 1731 Zinzendorf alikwenda Copenhagen, na huko akakutana na mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, jina lake Anton, mwenyeji wa kisiwa cha St. Thomas huko Karibi, kilichokuwa mali ya Denmark. Anton alimweleza habari za dada yake, Anna, na za watumwa wengine waliotamani kumjua Mungu lakini hawakuwa na wa kuwafundisha. Zinzendorf aliporudi hakuifungia habari ile katika shajara yake. Aliwasimulia washirika wote. Muda mfupi baadaye Anton mwenyewe akaja Herrnhut, akasimama mbele yao, akasema mambo aliyoyajua kwa mwili wake: kwamba watumwa wanafanya kazi mchana kutwa, na atakayetaka kuwafundisha huenda akalazimika kuwa mtumwa pamoja nao.

Katika watu waliosikia alikuwamo mfinyanzi wa miaka 25, Leonhard Dober. Usingizi ukamkataa. Alikuwa ameomba kwa miaka, lakini sasa aliombea kisiwa chenye jina, na watu wenye dada na kaka. Kanisa halikumkurupusha. Lilimpima mwaka mzima, na Agosti 1732 likamwachia aende pamoja na David Nitschmann, seremala. Desemba wakawa St. Thomas. Mfinyanzi na seremala! Baada yao wakafuata wengine, na kisiwani humo akainuka Rebecca, mwanamke aliyewahi kuwa mtumwa, akawa anapanda milima kuwahubiri watumwa mashambani, na miaka mingi baadaye akavuka bahari kwenda kuhudumu Afrika Magharibi, akafia huko.

Mwaka 1891 wamishenari wa kanisa lile lile, Kanisa la Moravian, wakafika Rungwe. Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, nao wamevuka mipaka kupeleka neno kwa majirani. Yote hayo yalipitia mlango mmoja mdogo: mtu aliyejua habari alipewa nafasi ya kuzisimulia kanisani, na kanisa likakaa kimya kumsikiliza.

Mnaona ninakokwenda? Desemba 1857 David Livingstone alisimama mbele ya wasomi wa Cambridge, akawaeleza aliyoyaona Afrika. Kutokana na mwito ule ikazaliwa Misheni ya Vyuo Vikuu. Safari yao ya kwanza, kuelekea Ziwa Nyasa, iliwagharimu maisha ya askofu wao, wakarudi nyuma, na mwaka 1864 wakaweka makao Zanzibar. Katika shule yao ya Kiungani walilelewa watoto waliokombolewa kutoka katika biashara ya watumwa, na mmoja wao alikuwa Cecil Majaliwa. Mwaka 1886 aliwekwa wakfu kuwa shemasi na kutumwa Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, akakaa na Wayao, akafundisha, akajenga kanisa lenye nguvu. Mwaka 1890 akawa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Mtoto aliyeporwa na kuuzwa alirudi bara kuwatangazia watu uhuru! Darasa gani la kipaimara linafundishwa habari hii? Mtoto gani wa Masasi, wa Newala, wa Mtwara anaijua kama anavyowajua wachezaji wa Simba na Yanga?

Na Apolo Kivebulaya? Huyu nitakaa naye kidogo, maana nampenda. Alikuwa Mganda, na alibatizwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata alikuwa amekwisha kuvuka bonde la Semliki hadi Boga, ambayo leo ni Kongo. Alipigwa, akasingiziwa kifo cha mtu, akatiwa gerezani. Alipoachiwa alirudi pale pale, kwa watu wale wale, na mtawala aliyekuwa amemtesa akaja kuwa Mkristo. Akaingia msitu wa Ituri kwa Wambuti, watu ambao wengi waliwaona si kitu, akakaa nao, akajifunza lugha yao, akawaandikia Injili. Kanisa la Anglikana la Kongo limetokana na miguu ya mtu huyu. Alipokuwa akifa mwaka 1933 aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi ya kwao, kwa sababu kazi ilikuwa bado iko mbele.

Msidhani Apolo alichipuka peke yake. Kanisa la Uganda la miaka ile lilikuwa limezoea kutuma. Baada ya uamsho wa 1893 walimu walitoka Mengo kwenda kila upande, nao walitunzwa na waumini wenyewe, kwa mchango wa Waganda, pasipo kungoja fedha za Ulaya. Kijana aliyebatizwa katika kanisa la namna ile alikua akiona watu wakiagwa. Aliona mikono ikiwekwa. Alisikia majina ya Toro, Bunyoro na Ankole yakiombewa. Kwenda lilikuwa jambo la kawaida! Kwetu lililo la kawaida ni kubaki, na anayetaka kwenda anaitiwa kikao cha ukoo.

Hapa niseme na wazazi. Mama yangu, baba yangu, najua mmesomesha kwa taabu. Mmeuza ng'ombe, mmekopa kwenye vikoba, mmelala njaa ili mtoto alipe ada. Lakini sikilizeni maneno tunayoyasema mezani. Mtoto akifaulu vizuri tunamwombea awe daktari au mhandisi. Akifeli tunasema, basi huyu tumpeleke chuo cha Biblia. Na mtoto anasikia! Anajifunza kwamba madhabahu ni mahali pa mabaki. Antiokia ilimtoa Barnaba, mtu aliyejaa Roho na imani. Ikamtoa Sauli, ndiye Paulo, msomi aliyeketi miguuni pa Gamalieli. Tutamtolea Mungu kilichobaki mpaka lini?

Wala simaanishi kwamba kila mwenye wito aache taaluma. Festo Kivengere, kabla hajawa askofu anayejulikana duniani, alitoka Uganda na mkewe Mera katika miaka ya 1940, wakaja Dodoma. Alikuja kama mwalimu wa shule. Alishika chaki siku za kazi, na kila nafasi aliyopata akahubiri toba na msamaha katika uamsho uliokuwa umeanzia Gahini, Rwanda. Muuguzi aliyepangiwa zahanati ya mbali, mwalimu aliyepangiwa shule isiyo na barabara, bwana shamba, dereva wa lori la kwenda Tunduma na Lubumbashi: je, kuna usharika uliowahi kuwasimamisha hawa mbele, ukawawekea mikono, ukawaambia wanakwenda kwa jina la Kristo na kwamba tutawaombea? Mwalimu kijana akipangiwa kazi mbali sisi tunamwombea uhamisho.

Tena wapo dada zetu wanaopanda ndege kwenda Oman, Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za ndani. Wengine ni mabinti wa jumuiya zetu, tunawajua kwa majina. Katika nyumba ya Naamani, jemadari wa Shamu, alikuwamo msichana mateka, mtumishi wa ndani, na neno moja la msichana yule lilimfikisha bwana wake kwa Mungu wa Israeli. Lakini msichana yule alifundishwa na mtu kabla hajachukuliwa. Asingejua kwamba yupo nabii Samaria kama nyumbani kwao hawakuzungumza habari za Mungu. Sisemi tuwatwike mabinti mzigo wa kuhubiri mahali ambapo sheria za nchi haziruhusu. Nasema wafundishwe kabla ya kuondoka, wajue haki zao na wajue imani yao, wawe na mama mmoja wa usharika wanayeweza kumpigia simu usiku wa shida, waombewe kwa jina kila wiki, na wakirudi wasimame waseme Mungu aliwatendea nini. Kanisa linaloagana nao kwa picha za uwanja wa ndege tu limewaacha peke yao.

Kijana wa chuo kikuu naye ana swali, na msimfukuze anapoliuliza: dini hii si ilikuja na bunduki za mkoloni? Mjibuni kwa ukweli wote. Ni kweli wako wamishenari waliotembea sambamba na serikali za kikoloni, wakadharau ngoma zetu, majina yetu na wazee wetu. Jambo hilo lifundishwe bila kufichwa, kwa sababu sisi nasi tukienda kwa Wahadzabe katika bonde la Yaeda na dharau ile ile, tutakuwa tumebadilisha rangi ya mkono tu. Anayetumwa lazima afunzwe kuketi chini, kula wanachokula wenyeji, kujifunza lugha yao kama mtoto, kuheshimu wazee wao na ardhi yao. Lakini mwambieni kijana huyo na mengine pia. Mwambieni towashi wa Kushi alibatizwa njiani akirudi nyumbani, wakati Paulo hajaanza safari zake. Mwambieni Ezana, mfalme wa Aksum, alikuwa Mkristo katika karne ya 4, zaidi ya miaka 1,000 kabla bendera yoyote ya Ulaya haijapepea pwani yetu. Mwambieni habari za Majaliwa na Apolo. Atajua kwamba utume si nguo ya kuazima.

Sasa niwageukie wazee wa baraza na wahazini. Mnajua mafundisho makubwa ya utume yanayotolewa katika sharika zetu ni yapi? Ni namna tunavyomtunza mwinjilisti. Mtoto wa Shule ya Jumapili anamwona mwinjilisti wa mtaa akiongoza ibada, akizika, akifundisha, akitembelea wagonjwa kwa baiskeli iliyochakaa, na anasikia watu wazima wakisema posho yake haijalipwa kwa miezi kadhaa. Anamwona mke wa mwinjilisti akikopa unga. Anawaona watoto wake wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya michango ya shule. Halafu tunasimama mimbarini kumwambia mtoto huyo kwamba kumtumikia Mungu ni heshima kuu! Macho yake yamekwisha kumfundisha lingine. Wafilipi hawakuwa matajiri. Paulo anashuhudia kwamba makanisa ya Makedonia yalitoa yakiwa katika umaskini mkubwa. Walimtumia msaada alipokuwa Thesalonike, tena si mara moja, na alipofungwa wakamtuma mtu, Epafrodito, aliyeugua karibu ya kufa katika kazi ile. Walijua Paulo yuko wapi na anapungukiwa nini. Walifuatilia.

Baada ya ibada tunanadi ndizi, mayai, kuku na mabakuli ya karanga. Watu wanashindana kwa furaha, yai moja linauzwa bei ya trei nzima, na utukufu ni kwa Mungu. Fedha zinakwenda kwenye bati, vigae, spika na sare za kwaya. Sipingi bati, mvua inanyesha. Lakini ni lini mkungu wa ndizi ulinadiwa kwenu kwa ajili ya mtu aliyekwenda mahali pasipo na kanisa? Nadini mmoja kila mwezi, kwa ajili hiyo tu, na mseme wazi ni wa nani. Watoto watauliza huyo ni nani. Mtakapowajibu mtakuwa mmekwisha kuanza kufundisha.

Tena watoto hawataelewa wito kwa kuachwa wenyewe. Samweli alilala karibu na sanduku la Mungu, akaitwa kwa jina lake, na mara zote akamkimbilia Eli. Sauti ilikuwa ya Mungu, masikio yalikuwa mazuri, na bado hakutambua, mpaka mzee yule mwenye macho hafifu, ambaye nyumba yake mwenyewe ilikuwa imeharibika, alipomfundisha namna ya kuitika. Wazee, vijana wetu wanaitwa usiku huu huu! Wanakuja kwetu wamechanganyikiwa, nasi tunawaambia rudi ukalale, maliza kwanza masomo, oa kwanza, jenga kwanza. Eli alifanya hivyo mara mbili, lakini ya tatu akang'amua. Sisi tumekwisha kufanya mara ngapi?

Wajueni vijana wenu. Paulo alipofika Listra akamkuta Timotheo, ndugu wa Listra na Ikonio walikuwa na la kusema juu yake. Walikuwa wamemtazama, walimjua tabia. Mpeni kijana kazi ndogo mapema: aende na mwinjilisti kutembelea wagonjwa, asome neno katika jumuiya, afundishe watoto, akae wiki ya likizo katika mtaa wa mbali. Na akishindwa msimtupe. Yohana Marko aliwaacha wenzake Perge akarudi nyumbani, Paulo akakataa kumchukua tena, lakini Barnaba akashikamana naye. Na mwishoni ni Paulo yule yule aliyeagiza Marko aletwe, kwa kuwa alimfaa kwa utumishi. Tunahitaji akina Barnaba kuliko tunavyohitaji wahubiri wapya wa mikutano.

Nanyi mliotumwa zamani, mliozeekea kazini, mliokaa nyikani kwa Wamaasai au kandokando ya Ziwa Turkana, mkarudi na hakuna aliyewauliza lolote: sameheni, sameheni kanisa lenu. Barnaba na Paulo waliporudi Antiokia walilikusanya kanisa lote, wakasimulia yote Mungu aliyoyafanya pamoja nao, na Luka anasema walikaa huko siku nyingi. Kusimulia kwao kulikuwa sehemu ya ibada. Wachungaji, waiteni watu hawa wangali hai. Wapeni Jumapili nzima, wala msiwabane kwa dakika 5 baada ya matangazo. Wasimulie na machozi, wasimulie na miaka ambayo hakuna mtu aliyebatizwa, wasimulie waliyojifunza kutoka kwa wenyeji. Vijana wetu hawaogopi habari ngumu. Wanaogopa kudanganywa.

Basi anzeni. Mchungaji, Jumapili moja ya kila mwezi kwa mwaka mzima, hubiri utume, tangu Ibrahimu kuondoka Uru hadi Paulo kufika Rumi. Mwalimu wa kipaimara, ongeza somo la namna Injili ilivyofika katika wilaya yenu. Waagize watoto wakawahoji babu na bibi, waandike majina, walete darasani. Umoja wa wanawake, chukueni mabinti walioko ng'ambo. Viongozi wa vijana, bandikeni ramani ya nchi yetu na za majirani ukutani, na kila ibada ya katikati ya juma lichaguliwe jina moja la watu na la mahali, liombewe kwa habari kamili: wanaishije, wanazungumza lugha gani, ni nani aliyeko huko. Baraza la wazee, chagueni mwinjilisti mmoja aliye nje ya usharika wenu, mjue anahitaji nini kwa mwezi, na mlipe. Msingoje dayosisi iwaandikie waraka.

Kikao chenu kijacho, kabla hesabu za ujenzi hazijasomwa, jambo hili liwe la kwanza katika ajenda. Mhazini aje na daftari jipya. Jina la mtakayemtunza liandikwe juu ya bahasha za mwezi unaofuata, na mtu mmoja apewe namba yake ya simu ampigie jioni hiyo hiyo.